Tabora hadi Kigoma, pikipiki ikiwa nyuma ya pikapu

Mdogo wangu anafanya kazi Ujiji, na pikipiki aliyokuwa akiitafuta ilipatikana Tabora, kwa mwalimu aliyepata uhamisho na asiyetaka kuhama nayo. Ni Boxer nyekundu yenye injini ya cc 150, uzito wake unakaribia kilo 120, na tairi lake la nyuma lilikuwa bado jipya. Kwa kuwa mimi ndiye ninayeishi Tabora, kazi ya kuikagua, kuilipia na kuifikisha kwa mwenyewe ikawa juu yangu. Haya nimeyapanga baada ya kurudi nyumbani, kutokana na daftari la matumizi na picha za simu, ambazo nyingi, kwa mshangao wa mke wangu, si za mto wala za ziwa bali za mafundo ya kamba.

Kuiendesha yenyewe hadi Kigoma kuliwezekana, lakini zaidi ya kilomita 400 juu ya kiti cha pikipiki, zikiwemo sehemu za vumbi na misitu mirefu ya miombo isiyo na kijiji, si jambo la mtu wa umri wangu kulifanya kwa ajili ya kubana matumizi. Treni ya reli ya kati, iliyofika Tabora mwaka 1912 na Kigoma mwaka 1914, nayo ingefaa, ila ningefungwa na ratiba yake, na mzigo ungepakiwa na kushushwa mimi nisiwepo. Jirani akanikutanisha na mzee mmoja mwenye pikapu, ambaye hupeleka mchele Kigoma na kurudi na dagaa na mawese. Tulikubaliana shilingi 120,000 pamoja na nafasi yangu ya kukaa mbele. Bei hiyo ilipatikana kwa sababu gari lilikuwa linakwenda hata kama nisingepanda. Anayekodi pikapu nzima kwa ajili ya pikipiki moja ajue kwamba atalipia na safari ya kurudi tupu.

Jumanne, Tabora mjini

Siku nzima iliishia kwenye karatasi na mikanda. Mkataba wa mauziano tuliuandika mbele ya mwenyekiti wa serikali ya mtaa, tukaambatanisha nakala ya kitambulisho cha muuzaji na kadi ya pikipiki, kisha nikatoa nakala za vyote na kuziweka kwenye bahasha tofauti na zile halisi. Pikipiki inayosafiri ikiwa imepakiwa kwenye gari huzua maswali ambayo pikipiki inayoendeshwa haizui, kwa sababu nyingi zinazoibiwa huondolewa mjini kwa namna hiyo hiyo, na Kigoma ni mkoa wa mpakani ambako vizuizi havipungui. Asiye na karatasi asianze safari.

Mikanda ya kukazia, ile yenye kifaa cha meno kinachovutwa kwa mkono hadi mkanda unakaza, niliitafuta maduka yote ya vipuri niliyoyajua. Niliyopata ya kuaminika ilikuwa miwili tu, kila mmoja shilingi 15,000. Mingine ilikuwa ya kitambaa chepesi chenye kulabu zinazokunjika kwa vidole, nami nikaiacha dukani. Mzee mwenye gari alicheka aliponiona nayo. Kwake yeye kamba ya manila inatosha kila kitu. "Kamba hii imebeba ng'ombe hadi mnadani, mwanangu," alisema, "sembuse hiki kipikipiki." Tukapatana kwamba mbele tutafunga kwa mikanda yangu na nyuma kwa manila yake.

Jioni nikapunguza petroli hadi ikabaki kama lita moja ndani ya tanki. Sababu si hofu ya moto peke yake. Tanki lililojaa huvuja kwenye mfuniko gari linaporuka, kwa kuwa mfuniko una tundu dogo la kupitisha hewa, na petroli inayotiririka juu ya rangi kwa siku nzima huacha doa lisilotoka. Koki ya mafuta nayo nikaifunga. Nilifungua pia saiti mira zote mbili, nikazifunga ndani ya fulana kuukuu na kuzitia kwenye begi langu.

Jumatano, Tabora hadi Urambo

Tulitakiwa kuondoka saa mbili asubuhi. Mchele ulikuja saa tisa alasiri.

Kupakia pikipiki ndilo jambo nililolisubiri kwa wasiwasi, na ndilo lililokwenda vizuri kuliko yote. Pikapu ni ya kabini moja, na hilo lina maana kubwa: bodi yake ina urefu unaozidi mita mbili, kwa hiyo pikipiki ya ukubwa huu huingia yote na mlango wa nyuma ukafungwa. Pikapu ya kabini mbili ina bodi fupi, karibu mita moja na nusu, na pikipiki italazimika kutoa tairi la nyuma nje juu ya mlango uliolazwa. Inawezekana, lakini ni lazima kufunga kitambaa chekundu, na matope yote ya barabarani yataishia kwenye cheni.

Tulitumia mbao mbili nene, si moja. Ubao mmoja ni njia ya pikipiki, wa pili ni njia ya mtu anayeishika usukani, maana asipokuwa na pa kukanyaga atafika katikati na kubaki chini huku mikono yake imeinuliwa juu ya kichwa akishikilia chuma cha kilo mia na ushee. Vijana wawili wa pale sokoni walisukuma kutoka nyuma, mimi nikapanda na usukani, injini ikiwa imezimwa. Kila kijana alipata shilingi 2,000. Miguu ya mbao tuliizuia kwa mawe, na ncha zake za juu mzee alizifunga kwenye bodi kwa waya, kwa kuwa ubao usiofungwa hurushwa nyuma na tairi wakati ule ule ambao uzito wote uko juu yake.

Tairi la mbele lilisogezwa hadi likagusa ukuta wa bodi ulio nyuma ya kabini, katikati, na magunia mawili ya mchele yakawekwa kushoto na kulia kwa tairi hilo ili lisigeuke. Stendi tuliipandisha. Hapa watu wengi hubishana, na mzee naye alibisha: kwa nini mzigo usisimame kwa stendi yake wakati Mungu ameipa? Jibu ni kwamba stendi ya pembeni huinamisha pikipiki upande mmoja, na kila gari linaporuka uzito wote huangukia kile kichuma kimoja na bolti yake, hadi kipinde au kitoboe bati la bodi. Pikipiki iliyofungwa vizuri husimama wima kwa nguvu ya kamba zinazovutana kutoka pande nne. Kuilaza ubavu, kama nilivyowahi kuona kwenye malori, ni kuharibu makusudi: petroli humwagika kutoka kwenye kabureta, maji ya betri hutoka, na usukani hupinda.

Mikanda ya mbele haifungwi kwenye ncha za usukani, ambako inapinda chuma na kukata nyaya za klachi na breki. Hupitishwa chini zaidi, pale juu ya shokapu panaposhikana na shingo ya usukani, kisha huvutwa kwenda mbele na pembeni hadi kwenye ndoano za bodi. Hukazwa kwa zamu, kidogo kushoto, kidogo kulia, hadi shokapu za mbele zikae chini karibu nusu ya safari yake. Zikiachwa bila kukandamizwa, tuta la kwanza litazibonyeza, mkanda utalegea kwa nukta moja, na kulabu itachomoka. Zikikandamizwa hadi mwisho kwa siku mbili, sili zake zitaanza kuvuja mafuta, na bei ya uzembe huo utailipa kwa fundi. Wenye pikipiki za mashambani, ambazo madigadi ya mbele iko juu, huchomeka kipande cha mti kati ya tairi na madigadi ili kupima kiasi hicho. Kwenye pikipiki kama yetu madigadi imelala juu ya tairi na hapana nafasi ya mti, kwa hiyo inabaki kupima kwa jicho.

Nyuma, manila ya mzee ilipitishwa chini ya keria na kufungwa pande mbili. Gia tuliiacha namba moja.

Barabara ya Tabora hadi Urambo, kilomita 94 kupitia Ndono, ni lami, na haina la kusimulia isipokuwa machweo na malori ya tumbaku. Nilimwomba mzee asimame baada ya kilomita 20 hivi, naye alisimama akinung'unika, tukakuta mkanda wa kulia umelegea kiasi cha kuingiza vidole viwili. Si kasoro ya mkanda. Magunia yalikuwa yamejipanga upya kwa mtikisiko na tairi la mbele likasogea nalo. Kituo hicho cha kwanza kisirukwe na mtu yeyote, hata lami iwe laini vipi.

Urambo tulilala gesti ya shilingi 15,000 yenye ua na geti. Chakula cha usiku kilikuwa matobolwa tuliyonunua njiani, viazi vitamu vilivyochemshwa na kuanikwa, tukatafuna na karanga za kukaanga, kwa sababu mama lishe wote walikuwa wamekwisha kufunga. Mzee alilala ndani ya gari kwa hiari yake. Alisema mchele ni wake na pikipiki ni ya watu.

Alhamisi, Urambo hadi Uvinza

Asubuhi kamba za nyuma zilikuwa zimelegea kabisa. Manila hunyooka, ukiikaza jioni, alfajiri utaikuta ina urefu mwingine. Mzee alizifungua na kuzikaza tena kwa nguvu zake zote, akafunga fundo juu ya fundo, na bado ulipoisukuma keria kwa mkono ilikwenda na kurudi.

Jirani na gesti kulikuwa na lori linalopakiwa marobota ya tumbaku. Kijana mmoja kati ya wapakiaji, aliyekuwa akinywa chai ukutani, alitutazama kwa muda, akaweka kikombe chini na kuja. "Shikamoo mzee. Hiyo kamba mnaichosha bure." Aliifungua yote. Akafunga mwisho mmoja kwenye keria, kisha katikati ya kamba, kama mkono mmoja kutoka kwenye ndoano ya bodi, akasokota kitanzi kidogo na kupitisha ndani yake mkunjo wa kamba ile ile, likatokea jicho. Ncha iliyobaki akaipitisha chini ya ndoano, akairudisha juu na kuiingiza kwenye lile jicho, halafu akavuta kuelekea chini kwa uzito wa mwili wake, mguu mmoja ukiwa juu ya tairi la gari. Kamba ililia. Pale ilipopinda juu ya jicho aliibana kwa dole gumba la kushoto, isirudi hata kidogo, na kwa mkono wa kulia akafunga mafundo mawili mepesi. Kazi yote haikuchukua muda wa kumaliza kikombe chake. Upande wa pili alinifanya nifunge mimi, akanirekebisha mara kadhaa bila kunicheka, kisha akatupatia vipande viwili vya tyubu kuukuu vya kuweka mahali kamba inapogusa rangi.

Hili ndilo fundo la kujifunza kabla ya safari, na uzuri wake ni kwamba linakuongezea nguvu ya mkono wako, na ukishafungua yale mafundo mawili mepesi jicho hufunguka kwa kuvuta ncha, hata likiwa limelowa. Kijana hakutaka pesa. Alikubali chapati mbili.

Kutoka Urambo hadi Kaliua ni kilomita 28 hivi. Kaliua ndipo njia ya reli ya kwenda Mpanda inapoachana na ile ya Kigoma, na pembeni mwa stesheni tulikunywa supu ya kuku wa kienyeji kwa shilingi 4,000, ghali kidogo lakini nzito. Kisha kilomita 56 hadi Kazilambwa, nazo nitazipita kwa sentensi hii moja, kwa kuwa nililala.

Kipande cha Kazilambwa hadi Chagu, kilomita 36, pamoja na kile cha Malagarasi hadi Uvinza chenye kilomita 51, ndivyo vilivyochelewa kupata lami kuliko sehemu nyingine za barabara hii, na tulipopita sisi bado tulichepushwa mara nyingi kwenye vumbi. Vumbi lenyewe halitishi. Kinachotisha ni yale matuta madogo madogo yaliyojipanga kwa ukaribu, yanayolifanya gari litetemeke lote. Mtetemeko huo ndio unaofungua bolti na mafundo, kuliko shimo moja kubwa. Mzee, ambaye hadi hapo nilimhesabu kuwa dereva wa haraka, alipunguza mwendo hadi gari likaenda taratibu, akaniambia niangalie nyuma kupitia kioo cha kabini na nisiangalie kitu kingine. Nilifanya hivyo. Usukani wa pikipiki ulikuwa ukitikisika pamoja na gari, kwa mwendo mmoja, na hivyo ndivyo inavyotakiwa; ukiona pikipiki inacheza kwa mwendo wake yenyewe, simama.

Karibu na mpaka wa mikoa ya Tabora na Kigoma tairi la nyuma la gari lilipata pancha. Jeki iliwekwa, ikapandisha kidogo, ikazama kwenye mchanga. Ilijaribiwa mahali pengine, ikazama tena. Zile mbao mbili za kupakilia, ambazo siku ya kuondoka mzee alitaka kuziacha Tabora kwa kuwa zinachukua nafasi, zilikuwa zimelala kando ya pikipiki. Tukavuta moja, tukaiweka chini ya jeki, na gari likapanda. Kwa hiyo yeyote atakayepita njia hii abebe mbao zake, tena aziwekee alama, maana mafundi wa ujenzi barabarani nao wanazihitaji. Dereva wa lori la kokoto alisimama bila kuitwa, akatukopesha spana ndefu ya kufungulia nati zilizokuwa zimeshikana kwa kutu, akakaa kivulini kusubiri hadi tulipomaliza, na alipoondoka hakuwa ametuuliza hata jina.

Wakati gari likiwa juu ya jeki hatukuifungua pikipiki, lakini nilipanda na kuishika kwa mkono upande ulioinama. Huenda haikuhitajika. Nililala usingizi bora usiku ule kwa sababu niliishika.

Tulisimamishwa kwenye vizuizi zaidi ya mara moja. Kwenye kimoja askari alizunguka pikapu, akainama kusoma namba ya chasisi kwenye shingo ya pikipiki na kuilinganisha na kadi, herufi kwa herufi, kisha akauliza mwenye mali yuko wapi. Nilimpa mkataba, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na kitambulisho changu cha Taifa. Alivisoma vyote akiwa amesimama juani, akavirudisha na kututakia safari njema. Kwenye kizuizi kingine maafisa wa uhamiaji waliuliza vitambulisho vya watu tu na hawakuigusa pikipiki. Wenye malori waliokuwa nyuma yetu walikuwa na foleni ya mizani ya kuwaza. Sheria ya kupima huyahusu magari yenye uzito wa kuanzia tani 3.5, na pikapu yetu pamoja na mchele na pikipiki ilikuwa chini ya hapo.

Daraja la Kikwete juu ya mto Malagarasi lina urefu wa mita 275, na baada ya vumbi lile lote ni kama mtu kufika nyumbani kwa watu wenye sakafu. Upande wa juu wa mto kuna maeneo oevu ya Malagarasi na Muyovosi, ambayo mwaka 2000 yalikuwa ya kwanza Tanzania kuingizwa katika orodha ya Ramsar, ile ya maeneo oevu yenye umuhimu wa kimataifa. Tulikula ugali wa muhogo na kambale, shilingi 5,000, kwa mama mmoja aliyemkaribisha mzee kwa "Mwakeye", salamu ya asubuhi ya Waha, ingawa jua lilikuwa limepita utosini, akajirekebisha huku akicheka kwamba wageni wenye vumbi kiasi kile kwake bado ni wa asubuhi.

Tulifika Uvinza usiku. Hapo palitokea ubishi pekee mkubwa wa safari. Uvinza ni mji wa chumvi. Chemchemi zake za maji ya chumvi zimechemshwa na watu kwa karne nyingi, na chumvi yake bado inasafirishwa kwa magunia. Mzee alikuwa na mteja wa chumvi Kigoma mjini, na akataka kupakia magunia manne usiku ule ule, kuyaegemeza kwenye injini ya pikipiki. Nilikataa. Chumvi hunyonya unyevu wa usiku, gunia hutoa maji, na maji hayo yakikaa kwenye cheni, kwenye ekzosi na kwenye sehemu zilizofungwa kwa bolti, kutu huanza kabla mnunuzi hajapanda pikipiki yake. Mzee alisema amebeba chumvi miaka yote na gari lake bado linatembea. Nilimwonyesha, kwa tochi ya simu, sakafu ya bodi karibu na mlango wa nyuma, ilivyoliwa. Alitazama, akaguna, akasema chumvi hata hivyo itakuwa bei nzuri zaidi akiipakia wakati wa kurudi aipeleke Tabora.

Mlinzi wa gesti alitupatia turubai lake la kulalia tufunikie pikipiki dhidi ya umande, naye akalala kwenye benchi. Asubuhi tulimpa shilingi 3,000, akasema ni nyingi, akachukua.

Ijumaa, Uvinza hadi Ujiji

Kilomita 76 na ushee hadi Kidahwe ni lami, na baada ya siku ile iliyopita nilihisi kama gari halina matairi. Lakini ni nchi ya vilima, na mteremko una mambo yake: dereva anapokanyaga breki, uzito wa pikipiki husukuma tairi la mbele kwenye ukuta wa bodi na kamba za nyuma ndizo zinazobeba kazi, wakati kwenye kupanda ni mikanda ya mbele. Anayefunga kwa kuangalia upande mmoja tu hugundua hilo kwenye mlima. Tulisimama mara moja kuhakiki, na fundo la yule kijana wa Urambo lilikuwa pale pale alipolibana kwa dole gumba.

Kidahwe ndipo njia ya Kasulu inapojiunga, magari yanaongezeka, na ukiwa na macho unaanza kuona miti ya michikichi. Ujiji tuliingia saa nne asubuhi. Mdogo wangu alikuwa amesimama barabarani amevaa tayari kofia ngumu, mpya, yenye karatasi ya dukani bado imebandikwa kwenye kioo.

Kushusha ni hatari kuliko kupandisha, kwa sababu kila mtu amechoka na kila mtu ana furaha. Mbao zetu zilikuwapo, lakini mzee alikuwa na njia bora: alirudisha gari nyuma hadi kwenye ukingo wa udongo ulio mbele ya nyumba, mahali ardhi imekatwa kwa ajili ya barabara, hadi mlango wa nyuma ulipolazwa ukalala karibu sawa na ardhi. Ubao mmoja mfupi ulitosha kuziba pengo. Mji wenye vilima kama huu una kingo za namna hiyo kila mtaa, na ni vyema kuitafuta kabla ya kuita vijana. Pale ambapo hakuna ukingo na ni lazima kushuka kwa ubao kinyumenyume, breki ya mbele peke yake haitoshi: uzito wote umekwisha kuhamia tairi la nyuma, la mbele linakuwa jepesi, na ukilibana linateleza juu ya ubao. Pikipiki iachwe kwenye gia ya kwanza injini ikiwa imezimwa, na anayeshika usukani aachie klachi kidogo kidogo, ili injini ndiyo izuie tairi la nyuma.

Tulianza kwa kufungua kamba za nyuma, kisha mikanda, polepole na kwa zamu, mdogo wangu akiwa ameishika pikipiki tayari. Shokapu za mbele zilipanda taratibu hadi juu. Nilipitisha kidole kuzunguka sili zote mbili, na kidole kilitoka na vumbi kavu, bila mafuta. Kulikuwa na mkwaruzo mmoja wa urefu wa kiberiti kwenye bomba la ekzosi, mahali gunia lilipotambaa, na cheni ilikuwa nyekundu kwa vumbi. Mdogo wangu aliisafisha kwa mafuta ya taa na brashi ya meno, akaipaka mafuta, akafunga saiti mira, akafungua koki. Ilikataa kuwaka kwa miguu kadhaa. Ikawaka.

Mchana shemeji alipika migebuka, samaki wa Ziwa Tanganyika, kwa mawese na ugali wa muhogo, na mzee, aliyekuwa amesema hakai, alikaa hadi saa kumi.

Jumamosi, Kibirizi, na njia ya kurudi

Asubuhi tulimsindikiza mzee hadi Kibirizi, mwalo wa Kigoma, kununua dagaa. Boti zilikuwa zimekwisha kushusha, na kwa kuwa dagaa wakavu alioahidiwa hawakuwa tayari, alilazimika kungoja siku nyingine. Mimi sikuweza kungoja. Nilipanda basi la Tabora alfajiri ya Jumapili.

Kwa atakayetaka hesabu: nauli ya mzigo 120,000, mikanda 30,000, wapakiaji 4,000, kulala Urambo 15,000 na Uvinza 20,000, turubai 3,000, chakula kama 25,000 kwa safari ya kwenda. Mbao zilikuwa za mzee. Mikanda miwili nilimwachia, naye akaitumia kufungia ndoo za mawese. Alinipigia simu akiwa Uvinza, akiwa njiani kurudi, kuuliza lile jicho la katikati ya kamba linasokotwa kuelekea kushoto au kulia. Nilimwambia kushoto, kisha nikatoka uani na kipande cha kamba kuhakikisha, nikampigia tena kumwambia upande wowote unafaa mradi mkunjo upite ndani ya kitanzi kutokea chini. Alikuwa amekwisha kufunga.